Ukarabati wa Jengo la Maduka Uanzie Chooni

Lile jengo la maduka la zamani limezungushiwa mabati, na mabati yamejaa picha. Nilisimama kuzitazama. Watu wote humo ni wembamba, wanacheka, na hakuna hata mmoja aliyebeba mfuko mzito. Juu yao kuna nembo mpya na jina ambalo ungedhani ni la manukato.

Ukarabati siupingi. Jengo likizeeka paa huvuja, lifti hukaa mwezi mzima na karatasi ya "matengenezo", ngazi za umeme huwa za kupandwa kwa miguu. Mimi hupima jengo kwa choo chake: maji yakitoka, kitasa kikifunga, nitarudi. Ila mabomba na nyaya ndivyo vinavyokula pesa, na sijaona mgeni rasmi akikata utepe wa bomba. Basi mwenye jengo huanzia rangi, taa na jina.

Jina lenyewe halibadiliki kwa kuwa bango limebadilishwa. Kule Birmingham, Uingereza, jengo la Bull Ring la mwaka 1964 lilibomolewa, jipya likafunguliwa 2003. Jina hawakulitupa, waliunganisha tu maneno mawili likawa Bullring. Walifanya la maana, kwani pale palikuwa soko karne nyingi kabla ya zege.

Linaloniuma hasa ni wenye fremu ndogo. Chini ya ngazi alikuwapo fundi saa, meza yake haizidi upana wa mlango, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Yeye ndiye aliyenifanya niingie mle. Mengine niliyanunua kwa kuwa nilishafika. Wakimaliza kukarabati, kodi hupanda, na mkataba mpya hutaka biashara "zenye hadhi". Mabenchi nayo hutoweka, ukitaka kukaa uagize kahawa. Victor Gruen, msanifu wa Southdale, jengo la maduka lililofunguliwa Marekani mwaka 1956, alitaka liwe pia mahali pa watu kukutana. Uzeeni aliyakana majengo yaliyoiga kazi yake, na simshangai.

Juzi nilimuuliza mlinzi pale chini ya ngazi patakuwa na nini. Akasogea kwenye picha, akapitisha kidole taratibu kutoka kona hadi kona.

"Ndugu yangu," akasema, "hapa hata ngazi yenyewe siioni."