Mwacheni mtoto amsalimie kwanza Baba Krismasi

Desemba ikishaingia hapa Tabora, wapiga picha wanapata uhai. Kuanzia Isevya mpaka Kiloleni, studio zinatundika mapazia mapya yenye miti iliyojaa theluji, kitu ambacho watoto wetu hawajawahi kukigusa. Siku hizi kwenye baadhi ya maduka na kumbi utamkuta na Baba Krismasi mwenyewe amekaa kitini, suti nyekundu, ndevu za pamba, anasubiri kupakatishwa watoto wa watu. Wazazi wanapanga foleni, watoto wanalia, mpiga picha anapiga hivyohivyo. Jioni picha iko kwenye status, imewekewa vikatuni vya kucheka.

Mimi hazinichekeshi. Simpingi Baba Krismasi, na picha za sikukuu nazipenda mno, hasa zile za kusafisha zinazobandikwa sebuleni mpaka zinapauka. Ninachokataa ni kumpeleka mtoto kwake kama tunampeleka kuchomwa sindano: haambiwi kitu, anashtukia tu ameshikwa mikono.

Hebu tujiulize mtoto wetu anamwona nani pale kitini. Mtoto wa Chicago amekua na yule mzee. Anamwona kwenye katuni, anasomewa habari zake, anamwandikia na barua. Wetu hana habari naye. Asili yake ni Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra katika karne ya 4, huko ambako leo ni Uturuki, na Wakatoliki wanamkumbuka kila tarehe 6 Desemba. Lakini huyu mnene mwenye kitambi na kicheko ametengenezwa zaidi Marekani, ambako mchoraji wa magazeti Thomas Nast alianza kumchora mwaka 1863. Sasa mtoto wa miaka miwili wa Cheyo, ambaye mzee anayemfahamu ni babu yake mwenye balaghashia na mkongojo, anakutana ghafla na mtu asiye na mdomo. Mtoto mdogo humsoma mtu usoni ajue kama ni wa heri au wa shari, na pale uso wote umezibwa na pamba. Angeacheje kulia?

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi. Mwaka mzima tunamtishia: "Ukilia nitamwita yule mzee akuchukue." Tunamfundisha, tena kwa haki kabisa, kwamba asipokee pipi kwa mtu asiyemjua na asikubali kupakatwa na kila mtu. Ikifika sikukuu tunamsukuma kwenye mapaja ya mtu aliyejifunika gubigubi, mwenye pipi mkononi, na akigoma tunamwambia anatuaibisha. Mtoto aliyegoma pale ametii tulichomfundisha.

Ndiyo maana nasema matayarisho yaanze nyumbani, siku kadhaa kabla. Mwonyeshe picha kwenye simu. Mwambie kwa maneno machache kwamba ni mtu amevaa nguo za sikukuu, kwamba ndevu ni za kubandika, na kwamba mama atakuwa pembeni. Chukua pamba, jibandike mwenyewe kidevuni, mwache aing'oe acheke. Kuna wanaodai hapo utakuwa umemwibia mtoto utamu wa Krismasi. Utamu gani? Nyumba zetu hazina dohani, lile bomba la moshi ambalo hadithi za huko zinasema mzee hushukia usiku na zawadi, na hakuna anayemsubiri. Utamu wa Krismasi ya Tabora ni pilau, soda, nguo mpya na kutembezwa.

Umri nao uangaliwe. Kichanga cha miezi mitatu unampakatisha yeyote, mradi ameshiba. Kuanzia miezi minane hivi mtoto huanza kuwaogopa wageni, na wengi huwa hivyo mpaka wafike miaka miwili, wengine mitatu. Huyo usimlazimishe. Wa miaka minne na kuendelea atakusumbua kwa maswali tu, hasa la zawadi.

Krismasi iliyopita, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, nilisimama karibu na foleni nikaangalia. Mpiga picha anapaza sauti, "Mama Junior, mbane miguu!" Junior amejipinda, kiatu kimoja kimeshatoka, na Baba Krismasi wa watu jasho linamchuruzika hadi lastiki ya ndevu inateleza sikioni. Nyuma yao alikuwepo msichana wa kama miaka mitano, hakuonyesha woga wowote. Alikuwa ameinama anakagua miguu ya yule mzee. Chini ya suruali nyekundu kulikuwa na kandambili za bluu. Akamgeukia mama yake: "Mama, ni anko wa dukani!" Akamwendea, "Shikamoo anko," akajibiwa, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Akapanda kitini bila kubembelezwa.

Hiyo shikamoo ndiyo ninayoitaka. Watoto wetu wanajua kumsalimia mkubwa kabla hawajajua kuhesabu, na salamu inampa mtoto cha kufanya. Mwacheni asalimie akiwa mbali, hata akiwa ameng'ang'ania gauni la mama. Na anayeigiza aitikie kwa sauti ya kawaida, aache yale mangurumo ya kwenye sinema. Ikiwezekana awe mtu anayefahamika na watoto, mjomba au jirani, na ndevu azivae mbele yao. Wenye kumbi wakiweka kigoda pembeni ya kiti chake, suala la mapaja litakuwa limekwisha.

Mambo ya nguo nitayapitia haraka. Gauni la tuli linawasha na viatu vipya vinabana, kwa hiyo mtoto avivae nyumbani mara moja kabla ya siku yenyewe. Na maembe, jamani! Desemba mji wote unanuka maembe, na doa lake halitoki kwenye shati jeupe. Ale baada ya picha. Saa nayo ina maana: kumbi nyingi zinapenda kuanza saa 8 mchana, wakati ambapo mtoto alitakiwa awe amelala. Bora saa 4 asubuhi chini ya mwembe, kivuli hakimuumizi macho na mpiga picha hahitaji fleshi. Wajukuu walioshuka kwenye treni ya Dar wapewe siku ya kupumzika kwanza, hata kama bibi ana haraka ya kuwaonyesha kwa majirani.

Nikitaja majirani, mji wetu tunakula Idd na Krismasi pamoja. Watoto wa jirani Mwislamu watakuwepo kwako siku hiyo, wamevaa vizuri, na watataka kuingia kwenye picha. Kabla hujawapanga kwa Baba Krismasi, gonga hodi umuulize mama yao. Wengi watasema poa, wengine watasema hapana, na atakayesema hapana watoto wake wapigwe picha ya peke yao chini ya mwembe uleule, wasitengwe.

Asiyetaka kabisa, mpakate mwenyewe, Baba Krismasi asimame nyuma yenu hatua mbili. Inatoka picha nzuri tu, tena na wewe umo, maana akina mama wengi kwenye albamu za watoto wao hawaonekani. Na ile ambayo alishapigwa analia, mwombe mpiga picha aifute kabla haijafika kwenye simu ya mtu. Hela yake mpe, kazi ameifanya.