Watoto wetu nao wapewe nafasi hiyo

Makala yenu kuhusu wazazi wa Ulaya wanaomchangia mnyama wa porini kama zawadi ya mtoto imenigusa. Mtoto hupewa cheti, picha na mwanasesere, na kwa kawaida pesa huingia kwenye uhifadhi kwa ujumla, si kwa mnyama yule mmoja. Ni jambo jema, mradi mtoto aelezwe ukweli huo mapema.

Ila wazazi wenzangu wa Mwanza, Saanane, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, iko hapo tu! Ukipanda boti Capri Point, ni dakika chache umefika hifadhini. Mwanangu alimkuta pimbi kajilaza juu ya jiwe, akayaona meno yake marefu ya mbele, akaniganda kwa maswali mpaka tunarudi nyumbani.

Halafu kuna Rubondo, kisiwa kingine cha hifadhi humo humo ziwani. Sokwe wa kule waliletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, wengi wakiwa wamefugwa kwenye bustani za wanyama, wakaachiwa msituni, na vizazi vyao wapo hadi leo. Naomba TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, wafikirie hili: mtoto wa Kirumba au Igoma achangie sokwe hao hata elfu mbili kwa simu ya mzazi, kisha atumiwe picha na habari zao.