Maziwa unabebea chupa, sukuma inakushinda nini?

Jana jioni nimesimama kwa kibanda cha mama mboga wetu hapa Umoja, nangoja sukuma wiki yangu ikatwe, mara akafika jamaa na Probox, hata injini hakuzima. "Mathe, nyanya za 50, sukuma ya 20, na dania. Weka kwa karatasi." Mama akamwambia pole pole, karatasi za plastiki hatuweki siku hizi, kwani hukubeba mfuko? Wee! Ungedhani ameitishwa title deed. Akaanza, ati sasa nibebe nyanya kwa suruali, ati kibanda cha kule mbele wanapeana tu, ati hawa wamama wamekuwa NEMA, wale wa serikali wa mazingira. Na kwa kiti cha nyuma namwonea jagi ya maziwa, safi, kifuniko kimekazwa.

Hiyo jagi ndio ilinimaliza.

Kwa sababu hakuna mtu wa Nairobi hajui kubeba chombo chake. Mi nimekua nikitumwa mafuta taa na chupa, na ole wako uivunje njiani. Mafuta ya kupima ya kupikia, chupa yako. Maziwa ya ATM ukisahau chupa unarudi kwa nyumba kimya kimya, hugombani na mashine. Mtungi wa gesi wa kilo sita unaubeba mtupu begani hadi dukani ndio upewe uliojaa, na hujawahi kuambia mwenye duka akuwekee gesi kwa karatasi. Lakini ikifika sukuma ya 20, ghafla mikono imekufa ganzi, unakuja ukining'iniza simu na funguo peke yake.

Na msiniambie mambo ya mama mboga kuvunja sheria. Tunajua, hizi karatasi zilipigwa marufuku tangu 28 Agosti 2017, faini ya shilingi milioni mbili hadi nne ama jela. Supamaketi ziliacha, na hapo nitasema ukweli hata kama sipendi kusifu serikali, ilisaidia, maana UNEP, shirika la mazingira la UN hapo Gigiri, walikuwa wamesema supamaketi peke yake zinapeana karatasi milioni 100 kwa mwaka. Lakini hizi nyembamba zisizo na mkono zimerudi, zinapenyezwa mpakani, zinafika sokoni zimefichwa, mama ananunua na pesa yake, anakupea bure kwa sababu anajua asipokupea utaenda kwa jirani. Halafu askari wakitokea nani anashikwa? Si wewe uliyeitisha. Wewe saa hiyo uko kwa nyumba unasonga ugali. Halafu mvua ikinyesha mtaro umeziba, maji inaingia hadi kwa kochi, unapiga picha unaposti "Nairobi hii jamani."

Kwa ploti yetu tuko milango kumi na mbili. Tulikubaliana kwa chama kila nyumba iwe na kikapu, na sukuma ikikatwa inaingia kwa ule mkebe wa aiskrimu ambao kila mtu anao na hakuna mwenye anakumbuka aiskrimu yenyewe ililiwa lini. Wiki ya kwanza ilikuwa kelele. Wababa ndio walisumbua zaidi, mmoja wa boda alikuja akabeba sukuma na kofia yake ya kupanda pikipiki, nyanya ziko chini, dania inachungulia juu, tukacheka hadi mama akashindwa kuhesabu chenji. Siku hizi ana kikapu, tena anakitetea kuliko sisi.

Ndio, najua vikapu vyenyewe vimesukwa na plastiki. Msiniandikie. Changu kina miaka mitatu, karatasi yako haikumaliza hata ngazi. Kuhusu ile mifuko ya supamaketi inayokatika mkono kabla ufike stage, hapo sina utetezi.

Mama naye alitundika vikapu vitano kwa msumari, vya kuazima wenye wamesahau. Unachukua, unarudisha kesho, hakuna kuandikwa jina. Vikabaki vinne. Jana kikatoka kingine, maana mama alichoka na zile kelele akamwekea yule jamaa nyanya zake ndani, akamwambia "utarudisha baba, eh?" na jamaa akaitikia huku anarudi rivasi.

Ni chekundu na cheupe, mkono mmoja umeshonwa na waya wa stima. Leo jioni nimepita, kwa msumari bado viko vitatu.