Pimbi Kamchongea Baba

Hafulingi ni kijitu cha kubuni, cha futi 3, kilo 18 hivi, kinachopenda kula na kinachoweza kufikisha miaka 150. Kwenye Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, kila mtu anajivika mhusika wake, halafu kete ndiyo inaamua kama ataishi au ataliwa na joka. Wangu ni hafulingi, nilimwita Pimbi. Anayetuendeshea mchezo, huko Majengo, Moshi, hataki mhusika asiye na kwao. "Niletee ukoo mzima," akasema, "na mmoja wao awe na doa."

Nikachukua kaunta buku, nikaandika kwa kinywa cha Pimbi mwenyewe: "Sisi tunaishi shimoni. Baba yangu ni mfupi na mlafi. Aliuza mti wa babu kwa siri, hela akainywea, nyumbani akasema umeangushwa na upepo." Buku nikaliacha mezani, nikatoka kununua vocha.

Ndipo shangazi akashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi. Shangazi gazeti hasomi, ila daftari la mtu halimpiti.

Sasa, baba yangu mzazi ni mfupi. Na akiuona mtori hana breki.

Jumapili baada ya misa nikakuta viti vimetolewa uani, mbege imemiminwa, na buku langu liko mapajani mwa baba mkubwa, miwani kaishusha puani.

"Tunaishi shimoni?"

"Shikamoo, baba mkubwa. Huyo ni Pimbi."

"Pimbi ndiye nani?"

"Ni mimi. Kwenye mchezo."

"Aisee." Akafunua ukurasa. "Shimo si hoja. Wazee wa Marangu walichimba mapango wakaingia na ng'ombe wao kuwakimbia Wamasai. Hoja ni huu mti."

Nikaeleza yote: joka, kete ya pande 20, jinsi hafulingi alivyo na bahati, kwamba ikitoka moja anaruhusiwa kurusha tena.

"Yesu na Maria," akasema shangazi. "Kumbe na kamari!"

Nikamgeukia baba anitetee. Jasho linamtoka, kata ya mbege inamtetemeka mkononi. Akaropoka, wala hajaulizwa:

"Nani kakwambia habari ya mringaringa?"

Mringaringa wa babu, ule wa pembeni mwa kihamba, sote tulijua uliangushwa na upepo wa masika. Shangazi akatua kata yake chini, polepole.

"Mimi kile kisiki kilinishangaza siku nyingi," akasema. "Upepo gani unakata kwa msumeno?"

Kesi ikahamia kwa baba. Waliposhaanza kubishana ukubwa wa beberu la faini, nikalichomoa buku langu nikapotelea migombani.

Jumamosi mwendesha mchezo akausoma ukoo wa Pimbi mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Bibi yuko sawa, mama yuko sawa. Ila hapa pa baba kuuza mti akasingizia upepo, umezidisha, bwana. Nani ataamini?"