Bei ya mto anaipanga nani?

Mwaka 1997 mtaalamu wa uchumi wa ikolojia Robert Costanza na wenzake walijumlisha huduma ambazo maumbile humpa binadamu kwa mwaka, kuanzia uchavushaji wa mimea hadi maji safi, wakapata wastani wa dola trilioni 33. Pato la dunia nzima wakati huo lilikuwa kama trilioni 18. Wapo walioshangilia kwamba hatimaye msitu umepata sauti mbele ya wenye fedha. Wapo waliohoji: vyote hivyo vikitoweka, trilioni hizo atalipwa nani, na akanunue nini?

Wapiga hesabu wasibezwe. Sehemu kubwa ya maji ya jiji la New York hutoka milima ya Catskill. Miaka ya 1990 jiji lilikuwa linakabiliwa na ujenzi wa mtambo wa kuchuja maji wa mabilioni ya dola. Badala yake, mwaka 1997 likaafikiana na wakazi wa huko juu: jiji linunue ardhi kwenye vyanzo, lisaidie kukarabati makaro ya majumbani na kuzuia samadi isiingie vijitoni. Ikawa nafuu kwa mbali. Hapo bei ilifaa kwa sababu mlipaji alijulikana, na njia mbadala nayo ilikuwa na gharama yake.

Ugumu unaanza pasipo na ankara. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, wachumi waliziuliza kaya za Marekani zingekuwa tayari kulipa kiasi gani ili kuzuia ajali nyingine kama ile. Majibu yakajumlishwa, yakafika kama dola bilioni 2.8. Ni jambo la kutia moyo kwamba mtu huthamini pwani ambayo pengine hataiona. Lakini geuza swali: ungelipwa kiasi gani ndipo ukubali pwani hiyo iharibiwe? Mtu yuleyule hutaja kiasi kikubwa zaidi, au hukataa kabisa kutaja. Tena, anayeokota kuni na kuchimba mizizi ya dawa msituni kila siku hutaja kidogo kuliko mtalii, kwa kuwa hana kitu mfukoni. Kipimo hiki, kwa maoni yangu, hupima uwezo kabla ya thamani.

Halafu kuna vile tusivyoviona kabisa. Tumbusi wa India, ndege asiyependwa na wengi, walianza kufa miaka ya 1990 kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diclofenac, dawa ya maumivu inayoharibu figo za ndege hao. Zaidi ya asilimia 90 ya baadhi ya spishi walitoweka. Mizoga ikaozea nje, mbwa wa mitaani wakaneemeka, na hofu ya kichaa cha mbwa ikapanda. Kabla ya hapo, nani angejitolea hata senti kwa ajili ya tumbusi?

Wamaori wa Whanganui, wenyeji wa asili wa New Zealand, waliingia kwa mlango mwingine: mwaka 2017 sheria iliutambua mto wao kuwa mtu kisheria, wenye wasemaji wake. Hata hivyo fedha hazikuepukika. Makubaliano yalikuja na fidia ya dola milioni 80 za huko kwa dhuluma za zamani, na milioni 30 za kuutunza mto. Ila hakuna kati ya tarakimu hizo iliyoandikwa kuwa bei ya mto.