Washington hakuwa mfungwa wa zama zake

Kila inapotajwa kwamba waasisi wa Marekani walimiliki watumwa, jibu huja upesi: tusiwapime kwa mizani ya leo, kwani walikuwa watu wa zama zao. Nimelisikia jibu hilo kwa watu ninaowaheshimu, na bado nalikataa, kwa kuwa matendo ya George Washington mwenyewe yanaonyesha kwamba alijua anachokifanya, na kwamba alijitahidi kukificha.

Alipokuwa rais, serikali ilihamia Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, ambako sheria ya mwaka 1780 ilimpa mtumwa aliyeletwa na mgeni haki ya kudai uhuru wake baada ya kukaa humo miezi sita. Washington aliamua watumishi wake wawe wanatolewa nje ya jimbo kabla muda huo haujatimia, ili hesabu ianze upya. Mwezi Aprili 1791 alimwandikia katibu wake, Tobias Lear, akitaka jambo hilo lifanywe kwa kisingizio kitakachowahadaa watumwa wenyewe pamoja na umma. Mtu asiyeona ubaya wa jambo hana haja ya kulitungia hadaa. Miaka miwili baadaye alitia saini sheria iliyomruhusu bwana kumfuata mtumwa mtoro hadi katika jimbo lolote.

Mwezi Mei 1796, wakati familia ya rais ikila chakula cha jioni, Ona Judge, mtumwa aliyekuwa mjakazi wa Martha, mke wa Washington, alitoka mlangoni na hakurudi tena. Alikuwa amepata habari kwamba angetolewa zawadi kwa mjukuu wa Martha. Tangazo lililowekwa gazetini liliahidi dola 10 kwa atakayemkamata, likaeleza hata madoadoa ya usoni mwake, kisha likadai kwamba hakuwa na sababu yoyote ya kutoroka. Alipogunduliwa huko Portsmouth, New Hampshire, rais alimtumia waziri wake wa fedha, naye akamwagiza ofisa wa forodha wa bandari hiyo ashughulikie kumrudisha. Ona alimwambia ofisa huyo kwamba yuko tayari kurudi endapo ataahidiwa uhuru mabwana wake watakapofariki. Washington alikataa, akisema kwamba kumkubalia kungekuwa kuutuza utovu wa uaminifu na kuwatia wenzake kinyongo.

Sasa, tunapozungumzia watu wa zama zile, mbona Ona hahesabiwi miongoni mwao? Wabunge wa Pennsylvania waliotunga ile sheria ya 1780 nao waliishi zama hizohizo, na John Adams, makamu wa Washington, hakumiliki mtumwa maishani mwake. Tena tusiseme kwamba Virginia, jimbo alikotoka Washington, ilikuwa na desturi zake, kwa maana Robert Carter, tajiri wa mashamba wa hukohuko, alianza mwaka 1791 kuwaacha huru watumwa wake zaidi ya 450.

Nakiri kwamba wosia wa Washington una uzito. Aliagiza watu wake 123 waachwe huru baada ya kifo cha mkewe, na Martha akawaacha huru mapema, tarehe 1 Januari 1801. Kinyume chake, Thomas Jefferson, mwasisi mwenzake aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki zaidi ya watu 600 maishani mwake, na mnada wa kulipa madeni yake ulifanyika shambani kwake Monticello Januari 1827, familia zikatenganishwa.

Hata hivyo, wosia huo haukuwagusa watumwa waliotokana na mirathi ya mume wa kwanza wa Martha, ambao waligawanywa kwa wajukuu. Ona alikuwa mmoja wa hao. Aliishi New Hampshire hadi alipofariki mwaka 1848, akiwa bado mtumwa mbele ya sheria, na kwa kuwa mtoto alifuata hali ya mama yake, hata watoto aliowazaa huko wangeweza kudaiwa na warithi kwa sheria ileile aliyoitia saini Washington mwaka 1793.