Nta ndiyo iliyolipa kodi

Ukisikia mtu anasimulia nyuki wa Unyamwezi enzi za Mjerumani, utasikia asali mwanzo mpaka mwisho. Mimi naona asali inapewa sifa isiyo yake. Kwa mfanyabiashara wa Tabora mwaka 1905, mali ilikuwa nta. Asali ililiwa nyumbani, na nyingine ikaishia kwenye pombe.

Sababu ni mwendo. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800, na kabla ya reli kila kitu kilikwenda kwa mabega ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Sasa mpe huyo mtu vibuyu vya asali umbali wote huo, kwenye jua, asali inavuja, inachacha, siafu wanamfuata kambi kwa kambi. Nta ikishaganda haimwagiki wala haiozi, na bei yake inastahili jasho.

Kuipata ni kazi ya subira. Masega yaliyokwisha kukamuliwa hutiwa kwenye chungu cha maji na kuwekwa motoni. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, kwa hiyo moto mkali hauna faida, unaiunguza tu. Kisha huchujwa kwa kitambaa, nyuki waliokufa na mabuu wabaki humo, na maji yanaachwa yapoe usiku kucha. Asubuhi unakuta bamba la njano juu ya maji. Chini yake hushika ukoko mweusi wa uchafu, ndiyo maana mnunuzi anayejua kazi yake huligeuza bamba kwanza na kulikwangua kwa kisu kabla ya kutaja bei.

Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, na serikali ilitaka rupia. Wengi walizitafuta kwa upagazi au vibarua vya mashambani. Mrina asali mwenye mizinga yake porini alikuwa na njia nyingine: anayeyusha nta, anaipeleka kwa mfanyabiashara wa Kihindi au Mwarabu, anarudi na fedha, au na kitambaa na chumvi. Nta hiyo ilivuka bahari kwenda Ulaya kutengenezea mishumaa, ya makanisani hasa, na dawa za kung'arisha mbao na viatu. Sina shaka mrina alipunjwa. Aliyeshika mizani alikuwa mwingine. Hata hivyo aliuza kitu alichokitoa porini kwao, bila msimamizi mgongoni. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 mzigo ukahama kutoka begani kwenda kwenye behewa, lakini nta iliendelea kusafirishwa hata Waingereza walipochukua nchi.

Hapo ndipo ninapogombana na wanaoucheka mzinga wa gome au wa gogo. Kuurina ni kukata masega, na masega ndiyo nta: kwa kila kilo 10 za asali unapata karibu kilo 1 ya nta. Mzinga wa fremu, yaani sanduku lenye viunzi vya kushikilia masega, una faida zake, asali yake safi na ukaguzi rahisi, lakini masega hurudishwa kwa nyuki, hivyo nta inakuwa kidogo mno, kilo 1 au 2 kwa kila 100 za asali. Kwa soko la wakati ule, mzinga wa babu ulikuwa chombo sahihi kabisa. Tena nyuki wetu ni wepesi kuhama wakisumbuliwa. Mzinga usio na gharama ukiachwa mtupu haumfilisi mtu.

Mzinga wa gome una dhambi moja, nayo ni kubwa: ukiuchuna mti gome pande zote, unakufa. Wa gogo nao unataka mti mzima. Hapo watu wa misitu wana haki ya kulalamika, nami nawaunga mkono.

Lakini miradi inayogawa mizinga ya mbao vijijini leo mara nyingi huja na ndoo za asali, lebo na vifuniko, halafu masega yanatupwa kichakani. Mimi ningeanza na sufuria kubwa, kitambaa cha kuchujia na mnunuzi wa nta aliyekwisha kutaja bei yake mbele ya warina wenyewe. Mizinga ya mbao ingefuata baadaye, kwa anayeitaka.